Siku Mafuta Yalipomkataa Wifi

Kwetu mafuta ya ufuta huitwa. Ufuta ukishakaangwa kidogo na kutwangwa kinuni mpaka ukawa kama tope linalong'aa, unamiminwa kwenye chano, lile sinia kubwa la mti. Mtu mmoja anapiga magoti mbele yake, anazamisha mkono, anakanda na kuzungusha. Mwenzake anakaa na kata karibu na sufuria iliyo motoni, anamtilia maji yanayochemka, kidogo, kisha kidogo tena. Na muda wote huo yule mwenye mkono ndani anasema. Anaweza kuimba, anaweza kusengenya majirani, anaweza hata kuyatukana mafuta kwa uvivu wao, lakini hanyamazi mpaka yaonekane yakielea juu. Mama alifundishwa hivyo na mama yake. Ukinyamaza, alituambia, mafuta yanadhani umeondoka, yanarudi kulala.

Mimi nilikuwa mtu wa kunyamaza. Mwaka niliomaliza darasa la saba mama alinipa chano nijaribu. Nilipiga magoti, nikazamisha mkono, nikasema, "Njooni." Basi. Neno la pili halikuja. Mama mkubwa, dada yake mama, ambaye nyumba yake na yetu zinatazamana, alikuwa amekaa barazani akichambua mbaazi.

"Huyu anaita mafuta au anamwita mume wa mtu kichochoroni?" aliuliza.

Wanawake waliokuwapo wakacheka. Mama naye akacheka, ingawa alijitahidi kujizuia.

"Paza sauti, mwanangu," mama mkubwa akaendelea. "Mafuta si polisi, hayatakukamata."

Nilizungusha mkono mpaka bega likaniuma. Kilichotoka siku ile hakikujaza kikombe cha kahawa. Tangu hapo nikawa mtia maji. Mama alisema kutia maji nako ni kazi, maana maji yakipoa hata aitaye kwa kipaza sauti haitikiwi. Nilijua anasema hivyo ili nisijisikie vibaya, lakini nilishika kazi yangu. Kwa miaka mitatu nilijua moto wa sufuria ile kuliko mtu yeyote. Nilikuwa naamini kwamba siku moja mama atazeeka mkono, na mimi nitakuwa nimekomaa ulimi, na chano kitakuwa changu. Hakukuwa na binti mwingine nyumbani wa kukigombea nami.

Kisha kaka akaoa.

Wifi alitoka Nyangamara. Kicheko chake kilitangulia kufika, yeye akafuata. Alikuwa na mwanya, na alipocheka alikuwa akipiga paja la mtu aliye karibu, hata kama ni mtu aliyemfahamu asubuhi ile. Wiki ya pili baada ya harusi mama alitoa chano. Wifi hakungoja kuambiwa. Alikunja kanga yake, akapiga magoti, akamwambia mama, "Pumzika, mama, mimi ndiye niliyelipiwa mahari," na kabla mama hajajibu mkono ulikuwa umeshaingia.

"Haya, tokeni," akayaambia mafuta. "Mnajivuta nini? Mmekuwa bibi harusi? Bibi harusi ni mimi hapa, na mimi nimeshatoka. Tokeni, msinitie aibu kwa wakwe, watasema nimeokotwa. Wifi yangu, tia maji! Tia, usinionee huruma, mkono huu umezoea kupakua ugali wa moto."

Mafuta yalionekana kabla sijamaliza kata ya tatu. Yalitokea pembeni ya vidole vyake, manjano, yakaungana, yakafunika. Mama aliyatazama, kisha akamtazama yeye.

"Mkono wako una ulimi," mama akasema.

Kwangu hajawahi kusema kitu kama hicho. Nilirudi kuchochea moto. Kuanzia siku ile nilikuwa na kitu moyoni kama punje ya ufuta iliyonasa kwenye jino. Haikuumi, lakini ulimi hauachi kuifuata.

Wakati huo mambo ya biashara yalikuwa yamefunguliwa. Zamani ufuta wote ulipelekwa ghalani kwa ushirika, tukangoja. Sasa wanunuzi walikuja na malori yao na mizani zao mpaka mashambani, na kaka alitaka tuuze kila punje. Dukani nako kulikuwa kumejaa mafuta ya kutoka nje, ya madumu, yanayopimwa kwa vijiko, meupe, yasiyo na harufu yoyote. Vijana walisema mafuta yetu yananuka uzee. Rutamba walikuwa wamepata mashine ya kukamulia, ya kusukuma kwa mkono, na walioiona walisema ile haitaki maneno wala haijali nani anaisukuma. Lakini mama kila mwaka alikuwa akificha madebe mawili ya ufuta chini ya kitanda, kaka asiyaone, kwa sababu kulikuwa na watu ambao mafuta ya dukani hayakuwafaa. Walikuwapo wenye magoti mabovu. Walikuwapo wenye kupenda samaki wao wanukie vilevile kama zamani. Na zaidi ya wote, walikuwapo wazazi. Mtoto mchanga kwetu hukandwa kwa mafuta ya ufuta mpaka afikishe arobaini, viungo vyake vinyooke.

Kwa hiyo wifi alikuwa akiita mafuta ya watoto wa watu. Mwaka ukapita, wa pili ukaingia, na yeye hakuwa na wa kumkanda. Hakulisema. Aliyajaza kwenye chupa, akafunga kwa kitambaa, akampa mtu aliyetumwa kuchukua, akasema, "Mwambie mzazi amkande na miguu, asije akawa na matege kama shemeji yangu." Na wote wakacheka. Mimi niliuona uso wake akiwa amegeuka. Niliuona, lakini haukunipunguzia kitu.

Siku ninayotaka kuisimulia, mafuta yalihitajika Kilangala, kwa mtu wa ukoo wetu ambaye binti yake alikuwa amejifungua. Tuliukaanga na kuutwanga ufuta tangu asubuhi. Mama mkubwa alikuwapo na mbaazi zake. Kabla hatujaanza kuita, kaka akarudi kutoka kwa mnunuzi akiwa na furushi. Desturi ya kaka, tangu alipoanza kuuza, ilikuwa kununua doti moja ya kanga, akaikata, upande mmoja wa mama na upande mmoja wangu. Safari hii alitoa doti mbili. Moja akampa mama, nzima. Ya pili akamwekea wifi begani, nzima. Mimi akanipa mche wa sabuni.

Wifi aliinusa sabuni mkononi mwangu. "Ya rangi ya waridi! Wifi, ukiogea hii mwezi mmoja, wachumba watakuja kwa foleni kama kwenye duka la ushirika enzi za sukari."

Ulikuwa utani wa mawifi, na utani wa mawifi haujibiwi kwa kununa. Nilicheka pamoja nao. Kisha nikaenda jikoni kwangu, nikazivuta kuni nje ya mafiga, moja, mbili, zote. Sikupanga. Kama ningepanga ningeogopa. Wifi alipoanza kusema na mafuta, maji yalikuwa yameshaacha kuchemka. Nilichota kata ya maji ya sufuria, nikageuka nikichanganya na ya mtungini, nikamtilia. Nikafanya hivyo mara ya pili, na ya tatu. Migongo yao ilikuwa kwangu.

"Tokeni, jamani," alisema. "Kilangala kuna mtoto anawangoja, hajavaa chochote."

Ufuta ulivimba, ukawa mweupe, ukawa mzito kama uji. Akasema zaidi. Akaimba. Akabadilisha mkono. Hakuna hata tone lililoelea. Mama akasogea, akatia kidole, akakitazama.

"Yamegoma," alisema.

Nilikuwa nimefurahi kwa muda wa kumeza mate. Kisha mama mkubwa akaweka ungo wake chini.

"Mnajua ninachokiwaza?" alisema taratibu. "Wewe, bibi harusi. Siku zako umeziona?"

Lazima nieleze. Kwetu mwanamke mjamzito haiti mafuta. Wanasema akiita, yule aliye tumboni ndiye anayeitika kwanza, na mafuta yakisikia kwamba ameshaitika mwingine, yanaona haya, hayaji. Nilikuwa naijua miiko hiyo tangu utoto. Niliposogeza zile kuni haikunijia hata kidogo.

Wifi alibaki amepiga magoti, mkono bado ndani. Alimtazama mama mkubwa, akautazama mkono wake.

"Bado," alisema.

"Bado tangu lini?"

"Nimechelewa siku tano."

Mama mkubwa alipiga kigelegele kilichowatoa kuku uvunguni. Mama alikaa chini palepale kwenye vumbi, akasema, "Alhamdulillahi, alhamdulillahi," akaanza kulia. Wakaja na wa nyumba ya pili. Ule uji ulioharibika ulipitishwa mkono kwa mkono kama vile umetoka Makka, kila mtu autie kidole. "Yamemkataa," walikuwa wakisema, "yamemkataa kweli!" Na wifi alikuwa anacheka na kufuta machozi kwa kiwiko, kwa sababu viganja vilikuwa vimejaa ufuta.

Mimi nilirudisha kuni kwenye mafiga, ili mtu akija kuangalia akute moto.

Siku tisa zilizofuata wifi hakubeba ndoo. Nilibeba mimi. Kaka alinunua maini, na maini yakawekwa upande wake wa sahani. Mama alimwachia kiti chake, kile chenye mgongo, akawa yeye anakaa kwenye mkeka. Kila aliyepita njiani alisimama kumsalimu, naye akawa anaweka mkono tumboni bila kujua, pasipo na kitu cha kushika. Usiku sikupata usingizi mzuri, lakini nisiseme uongo, si kwa majuto peke yake. Nilikuwa namwonea wivu. Nilimwonea wivu wa kile kiti, wa yale maini, wa jinsi mama alivyokuwa anamwita "mwanangu" kwa sauti ambayo nilidhani ni ya kwangu. Nilimwonea wivu kwa kitu nilichoamini hakipo, ambacho mimi mwenyewe ndiye niliyekitengeneza kwa kata ya maji.

Siku ya kumi nilikwenda kisimani mapema. Nilimkuta ameshafika, ng'ambo ya pale watu wanapochotea, nyuma ya majani, anafua kitambaa. Maji yaliyokuwa yakitoka kwake yalikuwa na rangi. Aliinua uso.

"Wifi, hujaniona," alisema.

"Sijakuona," nikasema.

"Nitawaambia mwenyewe. Nitasema imetoka."

Nilipaswa kusema pale. Tulikuwa wawili tu. Nilijaza ndoo yangu, nikajitwika, nikaondoka.

Alisema imetoka, na nyumba ikawa kama ya msiba. Alilazwa chumbani kwa mama. Wanawake walikuja mmoja mmoja, wakavua viatu mlangoni, wakamshika mkono. "Pole, mwanangu. Mungu ndiye mtoaji." Mama alimpikia uji na kumnywesha. Mama mkubwa alichemsha mizizi yake. Na wote walimwambia neno moja, kila mmoja kwa namna yake: aliyeshika mara moja atashika tena. Nilikuwa nimekaa karibu na mlango, kazi yangu ni kuleta maji ya kunawa.

Jioni ya siku ya pili maneno yakaanza kugeuka kidogo. Mama mkubwa alikumbuka kwamba alimwona wifi akiinua mzigo wa kuni wiki iliyopita.

"Nilimkataza," mama alisema. "Nilimwambia kila siku."

"Ulikuwa mzigo mdogo," wifi alisema kutoka kitandani.

"Mzigo mdogo, mimba ndogo," mama mkubwa akasema. "Ndiyo ukubwa wake huo."

Kaka alikuwa nje, anakula peke yake. Tulisikia sahani yake ikiwekwa chini kwa nguvu. Wifi alifumba macho. Na hapo, mimi ambaye sijawahi kusema neno mbele ya wanawake wanne, nikajisikia nasema.

"Hakukuwa na mimba."

Wakageuka wote.

"Maji yalikuwa baridi," nikasema. "Niliyachanganya na ya mtungini. Ndiyo maana mafuta hayakutoka. Asionewe kwa ajili ya kuni. Hakukuwa na kitu."

"Makubwa!" mama mkubwa akasema. "Leo kasema. Miaka yote bubu, leo kasema."

"Kwa nini ulifanya hivyo?" mama aliuliza.

"Nilitaka yamkatae."

Nilingoja kofi. Lingekuja ningeshukuru. Lakini mama hakunitazama mimi kwa muda mrefu. Alimtazama wifi pale kitandani, na nikaona jinsi macho yake yalivyobadilika. Hayakuwa na hasira. Yalikuwa yanahesabu. Mwaka mmoja na huu wa pili unakwisha, na hakuna kitu. Mama alilichukua bakuli la uji lililokuwa bado nusu, akatoka nalo. Mama mkubwa alikusanya mizizi yake. Wale wengine walisema wanawahi kupika. Waliingia na pole wakatoka bila neno, na chumba kikabaki na watu wawili.

Wifi alikaa kitako, akajifunga kanga yake mpya vizuri kifuani.

"Nilijua ni baridi," alisema.

Sikuelewa.

"Mkono wangu ulikuwa ndani, wewe. Unadhani mkono haujui maji ya vuguvugu? Kata ya kwanza tu nilijua. Nikasema moyoni, huyu mtoto leo kanuna, ngoja nimalize nimtanie. Halafu mama mkubwa akaniuliza lile swali."

"Mbona hukusema?"

"Kwa sababu nilikuwa nimechelewa siku tano. Hilo halikuwa uongo." Alinyamaza, yeye ambaye hakuwahi kunyamaza. "Wewe umesema hakukuwa na mimba. Umejuaje? Ulikuwa tumboni mwangu? Maji baridi yanazuia mafuta, sawa. Lakini siku tano ni siku tano, na sijawahi kuchelewa tangu nilipovunja ungo. Mimi mwenyewe sijui. Wewe umejuaje?"

"Nilitaka kukusaidia. Walikuwa wanakulaumu kwa zile kuni."

"Waache wanilaumu! Mwanamke aliyeharibikiwa ni mwanamke aliyeshika. Walikuwa wameshanihesabu pamoja nao. Umewasikia walivyokuwa wananiambia? Ningebeba lawama ya kuni mpaka nazeeka." Aliniangalia bila chuki, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Ulinipa kwa mkono wako mwenyewe, bila kutaka. Mbona umerudi kunipokonya?"

Nikasema tena kwamba nilitaka kumsaidia.

"Labda," alisema, akalala akinipa mgongo.

Hatukugombana baada ya hapo. Tulitwanga pamoja, tulikula sinia moja, na msimu uliofuata kaka alimchukua wakahamia Lindi mjini, akafungue kibanda cha kuuza mitumba. Watu walisema ni biashara. Mama hakuwatumia chochote kwa mwaka mzima, kisha akawatumia chupa mbili za mafuta, na wifi alirudisha salamu kwetu sote, na mimi akaniulizia hali.

Nimelifikiria sana lile neno lake, labda. Nimejaribu kukumbuka saa ile kama ilivyokuwa, kabla sijafungua mdomo. Ni kweli nilisikia sahani ya kaka. Ni kweli niliona anafumba macho. Lakini tangu siku iliyotangulia nilikuwa nimekaa pale mlangoni na beseni la kunawia, nikiwatazama wanawake wote wa mtaa wetu wakiingia, wakimshika mkono, wakimwita mwanangu, mama yangu akimnywesha uji kwa kijiko. Na wala hakuna aliyenitazama isipokuwa alipotaka maji. Nilikuwa namwonea wivu hata wa zile pole.